Swali la Mfasiri: Askofu Colenso na Hesabu za Torati

Vitabu vilivyoandikwa ili kuitetea imani ya Kikristo ni vingi, na vilivyoandikwa ili kuibomoa si haba. Vilivyo adimu ni vile vya mtu aliyetaka kuendelea kuishika imani yake, na wakati huo huo akazuiwa na dhamiri asiitetee kwa uongo. Miongoni mwa hivyo ni kitabu cha John William Colenso, Askofu wa Natal katika Afrika ya Kusini, juu ya vitabu vitano vya Musa na Kitabu cha Yoshua. Sehemu yake ya kwanza ilitolewa London mwaka 1862, na ya saba, iliyo ya mwisho, mwaka 1879. Siku hizi wakisomao ni wachache, na kesi iliyokifuata hukumbukwa kuliko maneno yaliyomo. Lakini chastahili kupimwa upya, hasa na wasomaji wa lugha za Afrika, kwa kuwa kilizaliwa katika kazi ya kufasiri, na swali lililokizaa liliulizwa na Mwafrika.

Colenso alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1814. Elimu yake kubwa ilikuwa ya hesabu. Vitabu vyake vya hesabu na aljebra vilitumiwa sana katika shule za Kiingereza kabla jina lake halijajulikana katika mambo ya dini. Aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1853, na mwaka 1855 akafanya makao Ekukhanyeni, yaani mahali pa nuru, karibu na Pietermaritzburg. Huko alijifunza Kizulu kwa bidii, akaandika sarufi, na mwaka 1861 akatoa kamusi. Wazulu walimpa jina la Sobantu, baba wa watu.

Mmoja wa waliomsaidia kufasiri alikuwa William Ngidi. Walipokuwa katika habari za gharika, Ngidi alimwuliza Askofu kama yeye mwenyewe aamini kweli kwamba wanyama wote, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, waliingia katika safina wawili wawili, na kwamba Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale walao nyama. Askofu alikuwa amesoma elimu ya miamba. Alijua kwamba katika Auvergne, nchi ya Ufaransa, viko vilima vya volkano vya zamani mno, vilivyofunikwa na mawe mepesi ambayo gharika ya dunia nzima ingaliyachukua yote. Alimpa Ngidi jibu la kumtuliza kwa siku ile, lakini mwenyewe hakutulia. Aliona kwamba mtumishi wa Mungu wa kweli hana ruhusa ya kumhimiza mwingine aamini jambo ambalo yeye mwenyewe haliamini.

Dibaji inayosimulia hayo ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote. Yaonyesha jambo lijulikanalo na kila mfasiri. Msomaji aweza kuupita mstari kwa macho, akaufunika kwa heshima, akaendelea. Mfasiri hana nafuu hiyo. Hana budi kulikamata kila neno, aulize lina maana gani, kisha alitie katika kinywa cha mtu mwingine. Kazi ya namna hiyo ilifanywa pia Mombasa mwaka 1844, Krapf alipoanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji. Tofauti yake ni kubwa. Nuhu, Ibrahimu na Musa walikuwa na majina ya Kiswahili hata kabla Krapf hajashuka pwani. Habari zao zilifika katika sikio la Mswahili zimekwisha vikwa heshima ya vizazi. Sikio la Ngidi lilikuwa jipya. Aliisikia gharika kama habari ya jambo lililotukia, akaipima kama apimavyo habari yo yote mtu mwenye akili anayejua ng'ombe hula nini na simba hula nini.

Baada ya dibaji mwanahesabu ashika kalamu. Kitabu cha Kutoka chasema kwamba waume wapatao 600,000 waliondoka Misri, na Kitabu cha Hesabu chataja waume 603,550 wenye umri wa miaka 20 na zaidi. Ua wa Hema ulikuwa na urefu wa dhiraa 100 na upana wa dhiraa 50, na huku mkutano wote waitwa mlangoni pa Hema. Colenso akapima: kama waume hao wangalisimama safu nyuma ya safu kwa upana wa Hema yenyewe, safu zao zingalifika karibu maili 20. Wazaliwa wa kwanza wa kiume walihesabiwa 22,273; kwa hiyo, hata wakihesabiwa waume wazima peke yao, kila mzaliwa wa kwanza mmoja angekuwa miongoni mwa waume 27, na watoto wa kiume wakiongezwa tofauti yazidi. Makuhani walikuwa watatu tu, Haruni na wanawe Eleazari na Ithamari. Colenso akaona kwamba, kwa wingi wa watoto waliozaliwa na sadaka zilizoamriwa, kila kuhani angepaswa kula njiwa 88 kila siku.

Hesabu hizi si za mzaha, na waliomjibu kwa hasira walishindwa kuzitangua. Ila zina upungufu ambao si wa hesabu. Mwandishi atoa kosa moja, kisha la pili, kisha la kumi, kama mkaguzi wa daftari za duka, na sehemu ya kwanza yaishia karibu yote katika ukaguzi huo. Ni kweli kwamba katika sehemu zilizofuata alichunguza kalamu mbalimbali zilizochanganyika katika Torati, na ni kweli kwamba hakuacha kusema kuwa neno la Mungu limo katika Maandiko. Lakini swali kwamba habari hizo zilikusudiwa kuwaambia nini watu waliozisikia kwanza halikupata nafasi yake. Hapo Colenso na adui zake walikuwa ndugu. Wao walisema kwamba hesabu ni sahihi, kwa hiyo kitabu ni cha kweli. Yeye alisema kwamba hesabu si sahihi, kwa hiyo kitabu si historia. Wote wawili walikubali mizani ile ile.

Mizani hiyo haikuwa ya Kanisa tangu mwanzo. Katika karne ya tatu Origen wa Aleksandria alifundisha kwamba ziko habari katika Maandiko ambazo hazikutukia kama zilivyoandikwa, bali zimebeba maana. Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliwaonya Wakristo wasinene ovyo juu ya mbingu na nchi huku wakiyataja Maandiko kuwa shahidi wao, wasije wakaifanya imani ichekwe na wenye elimu.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano ulio karibu zaidi. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, wasimulia vita vikubwa kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Wanahistoria wajua kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi bila kupigana na jeshi la Rumi. Hata hivyo hakuna mjuzi wa tenzi amwitaye Mwengo mwongo. Wajua kwamba wingi wa majeshi ni lugha ya utukufu, na kwamba anayeuliza idadi ya farasi amekosa kuusikia utenzi.

Yaweza kujibiwa kwamba utenzi si Maandiko Matakatifu, wala hakuna mtu aliyeweka tumaini la wokovu wake juu ya beti za Mwengo. Jibu hilo ni la haki, na mfano huu haulishindi. Wathibitisha jambo moja tu: kwamba ni lazima namna ya masimulizi ijulikane kabla ya kuhukumiwa ukweli wake. Aliye na imani bado ana kazi ngumu ya kupambanua lililotukia na lililosimuliwa kwa mfano, na kazi hiyo haifanywi kwa kuwanyamazisha waulizao.

Kasoro nyingine yamhusu Ngidi. Dibaji yamsifu kuwa na utiifu wa mtoto na akili ya mtu mzima, lakini haimwiti kwa jina. Yeye aliuliza kwa Kizulu. Jibu lilitolewa London, kwa Kiingereza, kwa wasomaji wengine. Huko Uingereza watu walicheka kwamba askofu aliyetumwa kuwaongoa Wazulu ameongolewa na Mzulu. Matthew Arnold, mhakiki mashuhuri, aliandika mwaka 1863 kwamba kitabu hicho hakiwajengi wasio na elimu wala hakiwafundishi wenye elimu. Lakini mtu asiye na elimu aliyemo katika fikira za Arnold ni mtu asiyeuliza neno. Ngidi hakungoja ruhusa ya wasomi. Kuuliza si ujinga, na aliyeuliza alistahili zaidi ya kuwa chanzo cha kitabu cha mtu mwingine.

Mwisho wa 1863 Colenso alihukumiwa Cape Town mbele ya Askofu Robert Gray, akatangazwa kuwa ameuzuliwa. Mwaka 1865 Baraza la Malkia lisikilizalo rufani huko London liliamua kwamba hukumu hiyo haikuwa na nguvu ya sheria. Mwaka 1866 Gray akamtenga na ushirika. Ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowakutanisha maaskofu wa Kianglikana Lambeth kwa mara ya kwanza mwaka 1867.

Wengi walibashiri kwamba aliyeanza kwa kuitilia shaka safina angemaliza kwa kumwacha Mungu. Haikuwa hivyo. Serikali ya Natal ilipomshitaki Langalibalele, chifu wa Wahlubi, na kumhukumu mwaka 1874 katika baraza lisilo la haki, Colenso alisimama upande wa chifu, akapoteza rafiki zake wa miaka mingi miongoni mwa walowezi. Baada ya vita vya 1879 alimtetea vivyo hivyo Mfalme Cetshwayo, na kazi hiyo hakuiacha mpaka alipokufa mwaka 1883. Maisha hayo hayathibitishi kwamba hesabu zake zilikuwa sahihi wala kwamba usomaji wake ulitosha. Yathibitisha kwamba hofu ya adui zake haikuwa na msingi. Atakayekifungua kitabu hiki leo aweza kuchoka mapema na njiwa na dhiraa zake. Lakini dibaji asiiruke, kwa maana humo yumo mwalimu aliyeulizwa swali la kweli, akaona haya kulijibu kwa jibu asiloliamini.