Saa Nane Ipi? Kwa Nini Tarakimu Sita Hukataliwa

Mabasi yanayopeleka maziwa ya ngamia kutoka Isiolo hadi mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi hayarudi matupu. Hurudi na nguo, viatu na simu za mtumba, nyingine zikiwa zimeshapitia Dubai. Tuchukue simu moja ya aina hiyo. Inafika mjini ikionyesha saa za Dubai, saa moja mbele ya Isiolo. Mwenyewe anahamishia humo akaunti zake zote za Google Authenticator, programu inayotoa tarakimu sita za kuthibitisha kuingia, kutoka simu ya zamani, kisha anazima saa ya kiotomatiki na kuirudisha nyuma kwa mkono mpaka ilingane na ya jirani. Jioni anataka kuingia kwenye akaunti yake katika kompyuta ya saiba. Nywila inakubaliwa. Tarakimu sita zinakataliwa. Anangoja zibadilike, anaandika nyingine polepole, na hizo pia zinakataliwa.

Wengi hapo huanza kulaumu mtandao. Lakini programu hii haipokei tarakimu kutoka popote. Hata simu isiyo na laini, huko kwenye barabara ya Archers Post ambako mawimbi hukatika, huendelea kuzitoa kama kawaida, kwa sababu inazikokotoa yenyewe.

Siku mtu anapoisajili akaunti kwa kupiga picha ule mraba wa QR, simu hupewa ufunguo wa siri, na seva hubaki na nakala yake. Tangu hapo hakuna tena mazungumzo kati yao. Kila upande huhesabu sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia, hugawanya kwa 30, hutupa baki, kisha huchanganya jibu hilo na ufunguo na kubakiza tarakimu sita. Mfano: tarehe 15 Novemba 2023, saa saba usiku, dakika 13 na sekunde 20 kwa saa za Isiolo, sekunde zilikuwa zimetimia 1,700,000,000. Ukigawanya kwa 30 unapata 56,666,666. Simu na seva zikifika kwenye namba hiyo pamoja, tarakimu hufanana. Zikiachana, hakuna kitakachofanana isipokuwa kwa bahati.

Sasa turudi kwenye simu ya Dubai. Ndani yake simu hutunza saa ya dunia, halafu huongeza tofauti ya eneo: saa nne kwa Dubai, saa tatu kwa Afrika Mashariki. Dawa ilikuwa kubadilisha eneo liwe Nairobi, na saa ya ndani isiguswe. Mwenye simu aliacha eneo likiwa Dubai akairudisha saa yenyewe. Kioo kikapata sura sahihi, lakini saa ya dunia iliyo ndani ikabaki nyuma kwa sekunde 3,600, yaani vipindi 120 vya nusu dakika. Mwongozo wa kimataifa wa mfumo huu, RFC 6238 wa mwaka 2011, unashauri seva ivumilie kipindi kimoja tu cha kuchelewa.

Kuna kosa jingine gumu zaidi kulikamata, na lugha yetu inalificha. Saa nane mchana na saa nane usiku zote ni saa nane, na simu yenye saa ya duara huzionyesha sawa kabisa. Mtu aliyepanga saa kwa mkono akachanganya asubuhi na alasiri amepotea kwa vipindi 1,440, na ataapa kwa dhati kwamba saa yake ni sahihi. Ndiyo maana fundi mzuri haulizi saa ngapi. Anafungua mipangilio, anatazama tarehe, asubuhi au alasiri, na eneo, kisha anawasha saa ya kiotomatiki na eneo la kiotomatiki. Mara nyingi tarakimu zinazofuata hukubaliwa papo hapo.

Kinachouma ni kwamba wengi hawafiki hapo. Wanafuta programu waisakinishe upya, kama wanavyofanya programu nyingine yoyote ikigoma. Ufunguo wa siri unaweza kuondoka nayo, na tatizo la dakika mbili likageuka la wiki. Septemba 2013 watumiaji wa iPhone waliyaona haya bila kosa lao: sasisho la Google Authenticator lilifika na kufuta akaunti zilizohifadhiwa, na Google ikaliondoa dukani. Ilipofika Aprili 2023 ndipo programu hiyo ilipoanza kuhifadhi funguo kwenye akaunti ya Google, na hata sasa anayeitumia bila kuingia kwenye akaunti hana akiba hiyo.

Saa ikiwa sawa na bado lango limefungwa, tazama majina ndani ya programu. Aliyesajili akaunti ileile mara mbili ana mistari miwili inayofanana, na kwa kawaida seva huutambua ufunguo wa mwisho tu. Jaribu mstari wa pili kabla ya kufuta wowote.

Maombi ya kuidhinisha yanayojitokeza kwenye Microsoft Authenticator ni jambo tofauti: hayo yanahitaji intaneti, na tangu Mei 2023 akaunti za kazini na shuleni hudai uandike namba inayoonekana kwenye kompyuta. Bando likiisha, hayafiki. Programu ileile inaweza kutoa tarakimu sita bila bando, ukichagua njia hiyo kwenye ukurasa wa kuingia.

Anayetumia Google ana kinga moja zaidi, misimbo 10 ya akiba yenye tarakimu nane kila mmoja, inayotumika mara moja tu. Hutolewa kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti, na iandikwe kwenye karatasi ya nyumbani kabla simu ya zamani haijauzwa. Simu hiyo nayo isifutwe mpaka mpya imeshaingia kwenye akaunti angalau mara moja. Ziwekwe mezani bega kwa bega: saa zikiwa sawa, zote mbili zitaonyesha tarakimu zilezile na kuzibadilisha kwa wakati mmoja.