Mtambo na Jathum: Tekno, Ohangla na Suala la Jina katika Ufuo wa Ziwa Victoria

Katika miaka ya karibuni umezuka mtindo, hasa miongoni mwa wauzaji wa santuri wa Ulaya na waandishi wa magazeti wanaowafuata, wa kuuita "tekno" karibu kila muziki wa Kiafrika unaopigwa kwa mtambo. Jina hilo limekwisha kubandikwa juu ya singeli ya Dar es Salaam na juu ya nyimbo za harusi za Waacholi wa Gulu zinazotengenezwa kwa kompyuta. Yamkini halitakawia kuifikia ohangla ya kinanda inayosikika usiku kutoka Kondele mjini Kisumu hadi Siaya na Homa Bay. Mhakiki wa lugha hawezi kulitazama jambo hili kama biashara ya watu wa muziki peke yao. Kukipa kitu jina ni kukifasiri, na tafsiri ikikosea mwanzoni, uhakiki wote unaojengwa juu yake hupinda.

Hapana budi basi kuanza na tekno yenyewe mahali ilipozaliwa. Chimbuko lake ni Detroit, Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana weusi. Watatu wanaotajwa daima ni Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma pamoja katika shule ya Belleville nje ya mji huo. Atkins alikuwa amekwisha kutoa santuri mwaka 1981 pamoja na Rik Davis kwa jina la Cybotron, na mwaka 1985 akatoa kazi zake kwa jina la Model 500. Walisikiliza muziki wa Kraftwerk wa Ujerumani sambamba na fanki ya Wamarekani weusi, nao hawakuona kwamba hivyo viwili vinapingana. Neno lenyewe Atkins alilichota katika maandishi ya Alvin Toffler kuhusu jamii inayofuata baada ya zama za viwanda. Likaenea Ulaya mwaka 1988, pale mkusanyo wa santuri za Detroit ulipotolewa Uingereza kwa jina hilo. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989 muziki huo ulipata makao ya pili katika maghala na majengo matupu ya Berlin, na mwaka 2024 Ujerumani iliuingiza utamaduni wa tekno wa Berlin katika orodha yake ya urithi wa taifa. Jambo hili la mwisho si dogo. Muziki wa vijana weusi wa mji wa magari umekuwa urithi wa taifa jingine katika muda wa takriban miaka arobaini, na kila mwenye kuugawa urithi wa wengine majina angefaa kulikumbuka.

Sifa za tekno zinajulikana. Kuna pigo zito la besi katika kila moja ya hesabu nne za kipimo, bila kuyumba. Mwendo ni kati ya mapigo 120 na 150 kwa dakika. Sauti hutoka katika mitambo ya midundo, kama ile ya Roland iliyotoka mwaka 1980 na 1983, na katika sintesaiza. Wimbo haukui kwa beti na kiitikio bali kwa tabaka za sauti zinazoongezwa na kupunguzwa. Lakini sifa iliyo na uzito mkubwa zaidi kwa mtu wa fasihi ni nyingine: tekno, kwa kawaida, haina msemaji wala msemeshwa. Maneno yakiwapo ni machache, nayo hutumika kama sauti miongoni mwa sauti. Mwenye santuri huunganisha kazi moja na nyingine ili mchezaji asijue ipi imekwisha na ipi imeanza. Jina la mtu halitajwi, na ukumbi mzima huwa kama mwili mmoja usio na jina.

Sasa ipo hoja inayoshawishi sana, nayo inastahili kupewa haki yake. Mtetezi wa jina la "tekno" angeweza kusema kwamba ufuo wa Nam Lolwe ulikuwa na mtambo wake kabla ya umeme, yaani nyatiti. Mpigaji mmoja huketi juu ya kigoda kifupi, ala yenye nyuzi nane ikiwa imelazwa chini mbele yake. Vidole vinazichuna nyuzi. Pete ya chuma iitwayo oduong'o, iliyovaliwa katika kidole gumba cha mguu, inagonga ukingo wa ala. Njuga za gara zinalia mguuni. Na juu ya yote hayo mtu yuleyule anaimba. Sauti ya wimbo, pigo la chuma na mchakacho wa njuga vyote vinatoka katika kiwiliwili kimoja, kwa mzunguko unaojirudia muda mrefu. Benga nayo, iliyokua katika miaka ya 1960 kwa watu kama Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, iliuhamisha mchuno huo wa nyuzi kwenye gitaa na kuutia pigo la ngoma ya besi lisilolegea. Mtu akiondoa maneno katika sehemu ya mwisho ya santuri nyingi za benga, pale magitaa yanapochapuka na mwimbaji kunyamaza, atabaki na kitu ambacho mchezaji wa Detroit asingekikataa.

Hoja hii inavutia, ila inathibitisha machache kuliko inavyodhaniwa. Mzunguko unaojirudia na pigo lililo sawa ni mali ya ngoma nyingi duniani. Fauka ya hayo, sharti la hoja nzima limo katika maneno "akiondoa maneno". Anayeyaondoa maneno katika thum ya Wajaluo ameondoa kile ambacho watu walikuja kukisikiliza.

Ushahidi wa lugha unafaa kusikilizwa hapa. Kidholuo husema *goyo thum*, yaani kupiga muziki, na mpigaji ni *jathum*. Kiswahili vilevile hupiga ngoma, gitaa, kinanda na santuri, kwa kitenzi kimoja. Lugha zote mbili hazijali kama kinachopigwa ni ngozi, uzi au umeme. Kwa hiyo mzozo wa ala na mtambo, ambao wahakiki wa Ulaya wameujengea nadharia nzito, hauna mizizi katika semi hizi. Mpaka uko kwingine, na neno linaloonyesha ulipo ni *pakruok*. Kitenzi *pako* ni kusifu; kiambishi tamati *-ruok* huleta dhana ya kujirudia mtendaji, sawa na *-ji-* ya Kiswahili. Pakruok ni kujisifu na kusifiana, utanzu ulio jirani na majigambo. Katika hadhara ya muziki mtu huinuka, hutoa fedha, humsimamisha jathum, kisha hujitaja kwa ukoo wake, kwa shemeji zake, kwa kijiji chake, kwa tamathali alizozitunga mwenyewe. Jathum huipokea sifa hiyo na kuitia katika wimbo. Hapo wimbo hukatika, na kukatika huko ndiko kunakouhuisha.

Ohangla lilikuwa kwanza jina la ngoma zenyewe, seti ya ngoma nyembamba ambazo kwa desturi ziliwambwa ngozi ya kenge, pamoja na orutu ya uzi mmoja. Katika miaka ya 2000, wakati Tony Nyadundo na wenzake walipoipeleka ohangla hadi katika kumbi za Nairobi, kinanda cha umeme kilizidi kuchukua kazi za ala hizo. Leo bendi nyingi zina kinanda kimoja kinachotoa besi, ngoma na hata mlio wa orutu. Watetezi wa jadi hulalamika, nao hawakosi sababu: wapigaji watatu au wanne wamepoteza riziki, na fundi wa ngoma pia. Huko Gulu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Otim Alpha na Leo Palayeng waligeukia kompyuta kwa sababu kukodi kikundi kizima kwa harusi kulikuwa ghali. Umaskini wa wenye sherehe, wala si ndoto za siku zijazo kama zile za Toffler, ndio ulioleta mtambo. Hata mfano wa viwanda usivutwe kupita kiasi. Ni kweli kwamba Detroit ilipoteza viwanda vyake vya magari na Kisumu ikapoteza kiwanda chake cha pamba, KICOMI, katika miaka ya 1990. Lakini hakuna wimbo wa ohangla unaojulikana kwa kuiga mngurumo wa mashine za kufuma, na mhakiki anayeutafuta atakuwa anaisikiliza Detroit akiwa Kisumu.

Je, kinanda kimefanya nini katika hadhara? Hapa ndipo mlalamishi wa jadi na mshabiki wa tekno wanapokosea pamoja, kwa kuwa wote huutazama mtambo peke yake. Kinanda hushika pigo bila kuchoka, na kwa hiyo pakruok imeongezeka nafasi. Wapigaji wa ngoma walihitaji kupumzika. Mtambo unaweza kuzunguka chinichini muda wote mfadhili anapojitaja, kisha ukapandishwa anapomaliza. Pigo lilelile ambalo Berlin hulitumia kulifuta jina, katika ufuo wa Ziwa hutumika kulibeba. Umbo la nje linafanana, ila kazi yake katika jamii ni kinyume. Uhakiki unaoishia kwenye fani utaviita vitu hivi viwili kwa jina moja. Uhakiki unaouliza nani anasema na nani utavitenganisha.

Kuna mahali hoja hii inapotikisika, nalo ni disko matanga, muziki wa mitambo unaopigwa usiku penye msiba ili kuchangisha fedha za mazishi, ambao wakuu wa serikali wamejaribu mara kwa mara kuupiga marufuku. Huko mara nyingi hakuna jathum. Kuna kijana mwenye vipaza sauti, vijana wenzake wanaocheza gizani, na jina la marehemu halisikiki hadi asubuhi. Kama tekno ina jamaa katika ufuo huu, basi iko hapo zaidi kuliko katika ohangla, ingawa wapigaji wake hawana habari za Detroit na santuri zao nyingi ni nyimbo za redio.

Kwa upande wa ohangla iliyorekodiwa, majina hayaondolewi. Hata benga ya miaka ya 1970, ambayo mfanyabiashara Oluoch Kanindo aliisambaza hadi Zimbabwe, ilikwenda na majina ya watu wa Nyanza ndani yake, na wasikilizaji wa huko wakauita muziki wenyewe kwa jina la Kanindo. Walicheza kwa sifa za watu wasiowajua, katika lugha wasiyoielewa, nao wakalichukua jina moja waliloliona juu ya santuri.