Kulifikia Sikio la Paka

Paka husikia sauti ambazo binadamu hakuumbiwa kuzisikia. Sisi tunaishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Yeye anafika 85,000, huko juu ambako vitoto vya panya huwaita mama zao. Kila sikio lake hugeuka peke yake, moja likielekea mlangoni huku jingine likimfuatilia mjusi ukutani. Ndani yake mfereji haukunyooka: hushuka, kisha hupinda kuelekea katikati ya kichwa mfano wa herufi L, hadi kwenye kiwambo chembamba kinachopokea sauti. Sikio ndilo ulinzi wa paka, na ndilo riziki yake. Anayetaka kulishika, tena likiwa linauma, anaomba ruhusa kubwa.

Napenda kuwatazama madaktari wa wanyama wanaojua kuiomba ruhusa hiyo. Si wote wanaojua. Na ufundi wa wanaojua ni rahisi kuupita bila kuuona, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni mambo ambayo mkono umejizuia kuyafanya.

Mara nyingi taabu yenyewe huanza na utitiri. Huu si ule wa kuku. Ni wa masikioni, na wataalamu wanauita Otodectes cynotis. Haufiki hata nusu milimita. Huishi juu ya ngozi ya mfereji, ukila ngozi iliyokufa na mafuta ya humo, na kutoka yai hadi utitiri mzima hupita wiki tatu hivi. Huhama kwa kugusana, ndiyo maana paka anayenyonyesha huwaambukiza watoto wake wote. Mgonjwa hukung'uta kichwa, hujikuna hadi manyoya ya nyuma ya sikio yakanyofoka, na mferejini hujaa uchafu mweusi mkavu kama mashapo yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa. Akizidi kujikuna, mishipa midogo hupasuka na jani la sikio likavimba kwa damu.

Robert Lopez, daktari wa wanyama wa Westport katika jimbo la New York, alitaka kujua paka anapitia nini hasa. Akachukua uchafu wenye utitiri kutoka sikio la paka mgonjwa, akautia katika sikio lake mwenyewe. Alisikia ukikwaruza na kutembea, kisha mwasho ukaja, na usiku ulipokwenda sana ndipo adhabu ilipozidi, usingizi ukamkimbia. Alipopona, akarudia, akapona, akarudia tena. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1993 katika jarida la chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza, halafu ukafikirisha. Mimi nabaki kwenye kufikiri. Kiumbe anayesikia vizuri zaidi kuliko sisi ana wadudu wanaotembea kandokando ya kiwambo chake usiku kucha. Basi akija kliniki akiwa mkali, tusimwite mkorofi. Hajalala.

Lakini si kila sikio linalowasha lina utitiri, na hapo ndipo daktari hujulikana. Kuna fangasi, kuna bakteria, kuna mzio wa chakula au vumbi. Katika paka mdogo huweza kuota kinyama ndani ya sikio la kati. Paka mweupe wa pwani, anayeshinda juu ya bati akiota jua, kidonda kisichopona kwenye ncha ya sikio lake huenda kikawa saratani inayoletwa na jua hilo. Na maradhi yakishafika ndani, kichwa hulala upande, jicho la upande huo hulegea kope na mboni yake hupungua, maana kuna mishipa ya fahamu inayopita humo ikielekea usoni. Daktari mzuri hukusanya nusu ya habari hizi kabla hajagusa unyoya hata mmoja.

Niliyaona hayo asubuhi moja huko Tanga, katika chumba kidogo cha daktari wa kike. Dirisha lilikuwa limefungwa, na wenye mbwa walikuwa wakingoja nje, chini ya mwembe. Akaingia bibi mmoja, paka wake ndani ya kapu lililofunikwa kanga.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu mwenzangu halali, na mimi silali.”

“Pole sana. Mweke hapa chini kwanza, tumwache.”

Daktari mwenyewe akaketi mkekani, ubavu wake ukielekea kapu, asimtazame paka usoni. Akauliza kwa sauti ya chini: alianza lini, sikio gani, nyumbani wako paka wangapi, amewekewa dawa gani. Bibi akajibu huku mkono wake ukienda kapuni ili amtoe.

“Mwache, bibi. Atatoka akitaka.”

“Na asipotaka?”

“Nitamtazama humo humo ndani.”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na daktari huyu alikuwa ameinama kweli. Masikio mawili yakachomoza kwanza juu ya ukingo wa kapu, moja wima, moja limelala. Daktari alikwisha kuandika kitu katika daftari lake. Sikio lililolala ndilo linalouma, na paka mwenyewe ndiye aliyemwambia.

Atakayedhani huko ni kumdekeza mnyama azingatie jambo moja. Paka aliyetishika, moyo wake huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na sukari mwilini huongezeka kiasi cha kumfanya afanane na mgonjwa wa kisukari. Daktari anayepima paka aliyeburutwa anapima hofu, na anaweza kuandika ugonjwa usiokuwepo. Subira ya daktari yule mkekani ilikuwa sehemu ya uchunguzi, sawasawa na hadubini iliyokuwa mezani.

Zamani wengi walifundishwa kumkamata paka ukosi na kumkandamiza mezani. Sophia Yin, daktari wa Marekani aliyefariki mwaka 2014, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2009, kuhusu namna ya kuwashika mbwa na paka bila kuwatia hofu. Mwongozo wa pamoja wa madaktari wa paka wa Marekani na wa kimataifa wa mwaka 2022 nao unawaambia madaktari waache kushika ukosi. Mafundi wenyewe wanaijua sababu yake. Ukimshinda paka kwa nguvu, sikio la leo utaliona, lakini la kesho umelipoteza. Paka hasahau chumba, hasahau harufu, na hasahau kapu lililompeleka huko.

Paka wa bibi hakutoka, naye daktari akatimiza ahadi: akamchunguza humo humo kapuni, taulo likimfunika mabega, bibi akimkuna kidevu. Alianza na sikio lisilouma, kwa sababu mbili. Paka ajue kwamba kuguswa si lazima kuume, na maradhi ya sikio bovu yasibebwe na chombo yakahamia kwenye zima. Akashika jani la sikio kwa vidole viwili, akalivuta taratibu kwenda juu na nje. Mvuto huo mdogo ndio unaounyoosha ule mpindo wa herufi L. Anayeusahau huona ukuta wa ngozi tu. Kisha akaingiza ncha ya chombo chenye taa, polepole, akisimama kila paka aliposhtuka. Alikuwa akitafuta kiwambo: kizima au kimetoboka? Swali hilo huamua dawa. Ziko dawa za sikio, jentamaisini mojawapo, ambazo zikipenya kwenye kiwambo kilichotoboka huweza kumwachia paka uziwi au kumwondolea mizani ya mwili.

Akachukua uchafu kidogo, akautia tone la mafuta juu ya kioo, akauweka chini ya hadubini. Akamwita bibi atazame. Wadudu weupe, miguu yote ikitapatapa.

“Subhanallah! Na hawa wote walikuwa ndani yake?”

“Ndio waliokuwa wanawanyima usingizi, bibi.”

Namna alivyotibu ndiyo iliyonipendeza kuliko yote. Alisafisha sikio kwa matone machache tu, akaacha paka akung'ute kichwa na kutoa uchafu mwenyewe. Kisha akapasua manyoya ya shingoni, pale ambapo ulimi wa paka haufiki, akadondosha dawa iitwayo selamektini juu ya ngozi. Dawa hiyo huingia mwilini kupitia ngozi, ikaufuata utitiri huko masikioni. Kwa hiyo dawa ya sikio haikulazimika kupita sikioni. Bibi hatakuwa na vita vya kila jioni, na paka hatajifunza kuukimbia mkono unaomlisha. Paka wengine wa nyumba ile nao walipewa dawa hiyo hiyo, wajikunao na wasiojikuna, kwa sababu mmoja akiachwa huwarudishia wenzake.

Aliyoyakataza nayo ni elimu. Vijiti vya pamba huusukuma uchafu chini zaidi. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ile ya viroboto vya mbwa yenye permethrini, huweza kumuua paka: ini lake haliwezi kuivunja sumu hiyo, akaanza kutetemeka na kupata degedege. Majirani wengi huitumia kwa nia njema kabisa. Daktari hakumkemea bibi. Alimweleza taratibu, akahakikisha ameelewa.

Ufundi huu una nusu nyingine, na hiyo iko nyumbani. Kapu linaloshuka kabatini siku ya safari tu, paka hulijua kuwa ni adui. Likikaa wazi sebuleni, likitandikwa nguo yenye harufu ya mwenye nyumba, na kipande cha samaki kikitokea humo kila mara, huwa kitanda. Watafiti wa Vienna walichapisha mwaka 2018 jaribio lililolinganisha paka waliozoeshwa kapu hatua kwa hatua na wale wasiozoeshwa: waliozoeshwa walionyesha wasiwasi mdogo zaidi garini, na uchunguzi wao ulichukua muda mfupi zaidi. Kwa paka ambaye hofu yake imepita kiasi, daktari anaweza kuandika gabapentini ya kumeza nyumbani kabla ya kuondoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba hupunguza woga wa safari na wa kuchunguzwa. Kipimo chake ni cha daktari kuamua, na si jambo la aibu kuomba.

Madaktari wetu wanaotoka Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, au Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wanahitajika kwanza na ng'ombe, mbuzi na kuku wanaolisha familia. Ni haki iwe hivyo. Ndiyo maana namheshimu zaidi yule ambaye, baada ya hayo yote, anajifunza pia kuketi mkekani kumngoja paka wa bibi asiye na thamani ya sokoni. Hakuna anayemlipa kwa dakika zile za kungoja. Hazimo katika risiti. Nazo ni sehemu ya tiba.

Bibi aliambiwa arudi baada ya wiki tatu, muda wa mayai yote kuangua na kizazi cha mwisho kukutana na dawa. Marudio hayo ndiyo kipimo cha ufundi wenyewe. Sikio linaweza kupona hata katika mikono ya mtu mkali. Dawa haina upendeleo. Ila paka aliyeshikwa kwa ukali, mfugaji wake huchoka kumfukuza chini ya kitanda, safari inaahirishwa, na maradhi yajayo yanakutwa yamekwisha kufika ndani. Aliyeshikwa kwa subira huletwa mapema, maradhi yakiwa bado madogo. Kwa hiyo ukitaka kumchagulia paka wako daktari, usiulize tu ana vyombo gani. Angalia paka wake wanavyoingia mara ya pili.