Picha Mbili za Watoto wa Seyyid Said

Huku kwetu Bogoro mtu hapigwi picha hivi hivi. Huvaa kwanza, na asiye na koti huazima. Mjane mmoja alituonyesha foto ya marehemu mumewe, koti limempwaya mabegani, akasema bila haya: "Koti hilo lilikuwa la jirani." Tulicheka pamoja naye. Kisha tukakumbuka picha mbili za kale, za watoto wa Seyyid Said wa Unguja, tukaona heri tuwaeleze wasomaji wetu.

Ya kwanza ni ya Seyyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844. Alitoroka Unguja mwaka 1866. Mwaka uliofuata akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na Ruete, mfanya biashara Mdachi, wakaenda kukaa Hamburg. Huko ndiko alikopigwa picha, naye amevaa mavazi ya binti wa mfalme: suruali yenye marinda miguuni, na mikufu shingoni. Wasomaji wasidhani kwamba ndivyo alivyokwenda sokoni! Hamburg alivaa gauni kama wake wa wafanya biashara wenzake. Je, picha hii ni uongo? Sisi twasema sivyo. Ukoo ulikuwa wake kweli; kilichokwisha ni ufalme. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo, na urithi wa Unguja hakuupata. Ukiitazama picha ukiyajua hayo, mikufu ile yaonekana mizito.

Zamani zile kupigwa picha kulikuwa kazi. Mtu alisimamishwa mbele ya pazia lililochorwa bustani, karibu na nguzo ya mbao iliyopakwa rangi ya marmaru, na chuma kimefichwa nyuma ya shingo kumshika asitikisike. Kwa hiyo nyuso zile kavu si za kiburi tu. Tangu mwaka 1854, Disdéri wa Paris alipopata hati ya kuzitengeneza picha ndogo, nane katika kioo kimoja, bei ilishuka. Zilibandikwa juu ya karatasi ngumu, watu wakapeana na kuzitia katika vitabu, hata muuza nguo akakaa ukurasa mmoja na malkia. Unguja nako A. C. Gomes, mtu wa Goa, alifungua duka la picha.

Picha ya pili ni ya Seyyid Barghash, ndugu yake Salme kwa baba, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Ilipigwa alipozuru Uingereza mwaka 1875. Kilemba na joho lake hakuviazima kwa mtu. Walakini picha hii ndiyo inayotushinda kuisadiki. Miaka miwili kabla yake Waingereza walimtisha kwa manowari mpaka akafunga soko la watumwa. Tena mali iliyomvika ilitoka katika karafuu, na pembe, na watu waliofungwa minyororo, wengine kutoka Manyema, katika Kongo yetu hii. Lugha tunayoiandika hapa ilikuja kwa njia ile ile ya misafara. Hayo yote mpiga picha hakuweza kuyaingiza katika kioo chake, wala hakuombwa.

Mwaka huo huo Salme alikwenda London akitumaini kupatana na ndugu yake. Wakubwa wa Kiingereza walimzuia. Mwenye kitabu cha picha angeweza kuwaweka bega kwa bega. Wao wenyewe hawakuonana.

Turudi kwa mjane wetu. Foto yake ilipona kwa kuwa ilikuwa Bunia kwa dada yake siku ile ya 24 Februari 2003, Bogoro iliposhambuliwa na nyumba kuchomwa moto. Jirani mwenye koti aliuawa siku hiyo, na nyumba yake iliteketea na vyote vilivyokuwamo. Watoto wake huja mara kwa mara kwa mjane kuomba waitazame foto ile, wapate kuliona koti la baba yao.