Kumsifu Mchonga Mashetani

Katika kijiji cha wachonga vinyago cha Mwenge, si mbali na njia panda ambapo Barabara ya Sam Nujoma hukutana na ile ya Bagamoyo, kuna mjadala wa siku nyingi usio na mwenyekiti wala kumbukumbu za maandishi, ambao huanza asubuhi pamoja na mlio wa kwanza wa tezo na hukatizwa tu na kuingia kwa mnunuzi. Na jambo linalojadiliwa, ambalo mpita njia akilisikia kwa sikio moja huenda akadhani ni mzaha, ni umbo halali la viumbe ambao hapana hata mmoja miongoni mwa wanaojadiliana aliyepata kuwaona kwa macho. Je, shetani wa Kimakonde achongwe kama wazee wa nyanda za Mueda na Newala walivyomhadithia, au achongwe kama mkono wa leo unavyomwaza? Na masimulizi yaliyolala, ambayo vijana wengi waliozaliwa Dar es Salaam hawakuyapata kwa bibi zao, yafufuliwe, au yaachwe yapumzike pamoja na wale waliokuwa wakiyasimulia?

Kabla sijaingia katika hoja, yafaa nimtoe hofu msomaji ambaye akisikia jina la shetani hukimbilia kuomba kinga kwa Mola. Mashetani hawa si Ibilisi wa vitabu vya dini. Ni viumbe wa porini na wa mitoni, wengine wakorofi, wengine wachekeshaji, wengine wenye manufaa kwa mtu aliyewapa heshima yao, ambao Wamakonde waliwaeleza kwa namna isiyo mbali sana na ile ambayo watu wa pwani wamewaeleza majini kwa karne nyingi. Na aliye mashuhuri kati yao ni nandenga, shetani wa msituni. Katika mpingo hujitokeza wakiwa na jicho moja mahali pa mawili, au sikio lililoshuka mpaka gotini, au tumbo lililotobolewa hata mwanga ukapita, au ulimi unaogeuka kuwa nyoka, na nyoka huyo naye, ukimfuata kwa kidole, unamkuta amekwisha kuwa mkono wa shetani wa pili anayemnyonyesha wa tatu. Katika kinyago kizuri cha namna hii hakuna mahali ambapo jicho laweza kusimama na kusema kwamba hapa kiungo kimekwisha na kingine kimeanza.

Wazee wa kazi hii, waliofunzwa na baba na wajomba zao, hushikilia kwamba kila shetani ana tabia yake na alama yake, na kwamba anayemchonga bila kujua kisa chake amechonga ukuni. Vijana hujibu kwamba kisa hakinunuliwi, na kwamba mzungu anayeshuka kwenye basi la watalii hawezi kumtofautisha shetani wa mtoni na wa pangoni. Nimepata kumsikia mzee mmoja, asiyeinua macho kwenye kazi yake, akimwambia kijana wa kibanda cha pili, «Mwanangu, huyu wako ana kwato. Nani amekwambia nandenga ana kwato?» Kijana, baada ya kunyamaza kwa adabu iliyopasa, akajibu, «Samahani, mzee wangu, na wewe nani alikwambia hana?» Watu wakacheka, mzee mwenyewe akacheka zaidi ya wote, wala swali halikujibiwa.

Halikujibiwa kwa sababu jibu lake, likisemwa kwa insafu, lingewasumbua wote wawili. Hawa mashetani wa mpingo si wazee kiasi tunachopenda kudhani. Wachongaji Wamakonde, waliokuwa wakivuka mto Ruvuma tangu zamani kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na waliozidi kuvuka baada ya Wareno kuwapiga watu risasi pale Mueda tarehe 16 Juni 1960, na baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964, walikuja na ustadi wa kuchonga, na walikuja na hadithi. Lakini kuunganisha viwili hivi, yaani kumtoa nandenga katika maneno na kumsimamisha katika mti mweusi, ni kazi iliyofanyika miaka ya 1950, na aliyepewa heshima ya kuianza ni Samaki Likankoa. Husimuliwa kwamba alikuwa amechonga umbo la mtu wa kawaida, mkono ukamvunjikia, na badala ya kulitupa gogo akalichonga upya hata yule mtu mwenye kasoro akawa shetani asiye na kasoro, kisha akalipeleka Dar es Salaam kwa mfanyabiashara Mohamed Peera, ambaye hakulikataa bali aliomba mengine. Mgeni njoo, mwenyeji apone: laiti duka lile lingetaka sanamu za watumishi na wachungaji peke yake, huenda nandenga angebaki kuwa sauti ya bibi gizani.

Hapo ndipo kundi la tatu, nalo ni la wasomi zaidi kuliko la wachongaji, linapopata nafasi ya kunena kwamba basi hakuna cha kufufua, maana huu mtindo wote ni bidaa iliyozaliwa dukani. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu yake nyingine ni kiburi. Ni kweli kwamba duka lilikuwapo. Lakini mwenye duka hakumwota nandenga, hakumjua, wala hakuwa na kiu ya kumjua. Alichokuwa nacho ni jicho la kutambua kazi njema na fedha ya kuilipia. Aliyekuwa na hadithi ni yule aliyeshika tezo. Ikiwa hadithi iliyobadilishwa chombo imekoma kuwa ya asili, basi na utenzi uliotoka kinywani ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu umekoma kuwa wa asili, na sijamsikia mtu wa Lamu wala wa Pemba aliyekubali hayo.

Wala Mwenge haiko peke yake katika ugomvi huu. Kuna mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambamo msimulizi mmoja huwaongoza wenziwe katika safari ya kubuni, nao hurusha dado kujua kama upanga umepata au umekosa; na miongoni mwa viumbe wa toleo lile la kwanza walikuwamo jini na afriti, majirani zetu wa siku nyingi, wamekwenda ughaibuni bila kuaga. Kila safari mpya ya mchezo huo inapofufua nchi au mfalme wa vitabu vya zamani, washabiki hugawanyika: hawa wanataka kila jina na kila mwaka ukae ulipokaa kwanza, wale wanasema kwamba kisa kisichoguswa hukauka. Na kwetu, Shaaban Robert alipotoa Adili na Nduguze mwaka 1952, alikichukua kisa cha Alfu Lela Ulela, akakivua nguo zake za Basra na Baghdad, akakivika zake. Na hapana msomaji mwenye akili anayesema kwamba alikiiba, wala kwamba alikihifadhi kama kilivyokuwa. Alikifanyia kazi. Nadhani hilo ndilo neno ambalo pande zote mbili za Mwenge zinalizunguka bila kutua juu yake.

Maana kazi yenyewe, ukikaa kibandani ukaitazama bila haraka, huamua mambo mengi kabla ya hoja kufika. Mpingo ni mti usiokubali kuamrishwa. Hukua polepole mno, hata huchukua miaka sabini au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Kiini chake ni kizito hata huzama majini. Na magogo yake yaliyonyooka, yasiyo na ufa, yana watu wanaoyangoja, kwa kuwa ndiyo yatengenezwayo klarineti na obo za Ulaya. Linalomfikia mchonga mashetani aghalabu ni lile lililopinda, lenye tundu, lenye ufa uliojificha, lenye tumbo upande mmoja na kovu upande wa pili. Mwenye kutaka kuchonga twiga wawili wanaofanana ataliona gogo hilo kuwa hasara. Mchonga mashetani hulisimamisha, hulilaza, huligeuza kichwa chini, hunyamaza nalo kwa muda ambao mwenye kumlipa kwa siku angeuita uvivu, kisha huweka shoka mahali ambapo wewe na mimi tusingethubutu.

Huketi chini, gogo amelibana kwa nyayo, na kwanza hutoa ganda na ile nyama nyeupe ya nje inayokiviringa kiini, ambayo mafundi wengine huiacha kwa makusudi sehemu moja ili iwe meno au ukingo wa nguo. Tezo hufuata, kwa mapigo mafupi, kila pigo likiondoa kijisehemu kisichozidi ukucha. Na hapo ndipo unapoliona lile tundu la gogo likipanuliwa badala ya kufichwa, likawa kinywa, na lile tumbo la upande mmoja likawa mgongo wa shetani aliyeinama kumnong'oneza mwenziwe. Patasi huingia baada ya umbo kukubali, tupa baada ya patasi, kisha msasa, kazi ambayo mara nyingi huachiwa vijana wanaojifunza, nao huisugua mpaka weusi wa mti utoke wenyewe bila kupakwa kitu. Mkosi mkubwa ni ufa kujitokeza siku ya mwisho. Fundi duni hujaza vumbi la mpingo na gundi. Fundi bora huufuata ufa kwa patasi, akamwongezea shetani kidonda, au mlango.

Kwa hiyo yule kijana mwenye shetani wa kwato hakukosea kwa kuwa mzee hakumjua shetani huyo. Angekosea tu kama mti haukuwa na kwato ndani yake. Na mzee naye hakukosea kudai kisa, kwa sababu nimeona vinyago vingi vya mashetani ambavyo kila kiungo kimepinda kwa ajili ya kupinda tu, macho yamezidi, meno yamezidi, na hakuna anayemfanya mwenziwe lolote. Shetani asiye na shughuli hachukui muda kumchosha mtazamaji. Kisa ndicho kinachompa shughuli: anaiba, anabembeleza, anabeba mtoto asiye wake, anamcheka binadamu. Anayetaka kufufua masimulizi ya kale na ayafufue kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya hati ya uhalali ambayo hakuna ofisi inayoitoa.

Ziko hata hivyo mila ambazo ningependa zisivutwe sokoni kwa pupa, na mapiko ni moja. Barakoa hizi za mti mwepesi, zinazovaliwa kichwani na mchezaji katika sherehe za jando na unyago, zilikuwa na siri yake na watu wake, na nakala zake zilizotundikwa ukutani kibandani zinanitia haya kidogo, ingawa najua kwamba mwenye kibanda ana ada ya shule ya kulipa. Tuna funzo karibu: barakoa moja ya Kimakonde iliyoibwa mwaka 1984 kutoka Makumbusho ya Taifa, papa hapa Dar es Salaam, ilikuja kuonekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva, na haikurudishwa mpaka mwaka 2010. Wanaodhani kwamba mambo haya ni vikorokoro vya watalii wajiulize kwa nini jambo lile lilihitaji mazungumzo ya miaka mingi.

Lakini si kila kuhama ni hasara. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika mikoa ya kusini na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005, alianza na mti, akaingia Nyumba ya Sanaa miaka ya 1970, na akawahamisha mashetani kutoka katika weusi wa mpingo hadi katika rangi nyekundu, njano na samawati, wakiwa wanene, wenye masikio makubwa, wanaocheza ngoma na kupanda baiskeli. Wazee wangeweza kusema kwamba nandenga hapandi baiskeli. Dunia nzima ya sanaa iliwapokea, na mimi ninawaona kuwa wa asili kuliko maelfu ya nakala nyeusi zilizo sahihi kwa kila ukucha, kwa kuwa wana shughuli.

Ninalowalaumu sokoni ni jambo jingine. Mti mwingine ukipakwa rangi ya viatu ukauzwa kwa jina la mpingo, huo ni uongo. Kisa kilichobuniwa mbele ya mgeni ili kupandisha bei, kikasemwa kuwa ni cha mababu, huo pia ni uongo, ilhali kisa hicho hicho kikisemwa kuwa ni cha mchongaji mwenyewe ni haki yake na ni fahari yake. Na kinyago kinachotoka Mwenge bila jina la aliyekichonga, kikafika nyumbani kwa mtu na kuitwa tu kazi ya Wamakonde, kimemnyang'anya fundi kitu ambacho hakuna mwandishi angekubali kunyang'anywa. Tangu mwaka 2017, biashara ya kimataifa ya mpingo na jamaa zake imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES, na magogo hayatakuwa mengi kuliko yalivyo leo. Basi kila moja linalochongwa linastahili jina.

Nawe msomaji, ukipata kwenda Mwenge, usianze na bei. Mwamkie fundi, muulize jina lake, muulize na huyo shetani anafanya nini. Akikujibu bila kusita, mlipe anachostahili, na jina lake uliandike chini ya kinyago kabla hujakifunga katika gazeti.