Jina Linatafutwa, Mizani Inaendelea

Treni inayotoka Dodoma ikifika Kintinku bado iko chini bondeni, haijaanza kupanda kuelekea Saranda na Manyoni. Bonde hili ni la mpunga, na kwenye mashine moja ya kukoboa, mizani imeunganishwa kwa waya na kompyuta ndogo ya Linux inayotosha kiganjani. Mizani yenyewe haisemi mpaka iulizwe. Programu inaiuliza mara tano kwa sekunde, inaandika uzito wa kila gunia, kisha inautuma kwa seva iliyo mbali. Aliyeiandika ni mpwa wangu, kwa lugha ya C. Nilishinda naye siku nzima akitibu ugonjwa mmoja: mtandao ukisumbua, kuna magunia yanapimwa, yanabebwa, na uzito wake hauonekani popote.

Hakugusa mstari hata mmoja kwanza. Aliifungulia programu strace, chombo kinachoonyesha kila ombi ambalo programu inapeleka kwenye mfumo, akaweka mikono mapajani akasubiri. Mistari ilipita mbio, ikapita, halafu ikasimama kwenye poll, na mwisho wa mstari huo kuna namba 5000.

“Elfu tano, mjomba. Ni milisekunde. Hapa ndipo inapoganda.”

Seva ina jina, lakini mtandao unataka namba. Kazi ya kubadilisha jina kuwa namba inafanywa na getaddrinfo, na tabia yake ni kwamba ikishaingia kuuliza, hairudi mpaka ijibiwe au ichoke. Bila kuelekezwa vingine, inamsubiri kila mtoa majina, yaani kompyuta inayojibu swali hilo, sekunde 5, na inazunguka mara mbili. Kompyuta hii ilikuwa na watoa majina wawili, kwa hiyo wakinyamaza wote ni sekunde 20. Katika sekunde 20 makuli wa Kintinku wameshashusha gunia, wameweka lingine, na hakuna aliyeiuliza mizani.

Nikamwambia basi aandike namba ya seva moja kwa moja, jina aachane nalo. “Seva ikihamishwa, mjomba, nani atapanda treni kuja kuibadilisha hapa?” Nilinyamaza. Majina haya yamekuwepo tangu Paul Mockapetris alipoyapangia utaratibu mwaka 1983, na sababu ni hiyo hiyo: mashine zinahama, majina yanabaki.

Zipo maktaba nzuri za kutafuta jina bila kuisimamisha programu, c-ares ikiwa mojawapo. Yeye aliona kwa jina moja tu hakuna haja ya kuongeza mzigo, akachagua getaddrinfo_a, iliyomo tayari ndani ya glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux. Hakuna miujiza ndani yake. Nyuma ya pazia kuna uzi mwingine wa programu unaokwenda kusubiri kwa niaba yako, wewe unabaki na kazi yako.

Ombi linaandikwa kwenye muundo uitwao gaicb, wenye vyumba vinne. Cha kwanza alikiwekea jina la seva. Cha pili kinataka huduma: aliandika https, kwa sababu faili la /etc/services linajua kwamba https ni poti 443. Cha tatu kinaeleza aina ya anwani inayotakiwa. Cha nne kinaachwa kitupu, jibu litakuja kukaa humo.

Alikuwa ameanza kuuandika muundo huo ndani ya funksheni. Akasimama. Akafuta yote, akaupeleka nje, mahali ambapo kumbukumbu yake haifutwi programu ikiwa hai. Funksheni ile inarudi mara moja, ombi likiwa bado njiani, na nafasi yake inapewa kazi nyingine. Ni kama kumwelekeza mtu alete mzigo kwenye chumba ulichopanga, kisha ukahama kabla hajafika. Mzigo utashushwa kwa mgeni. Kosa la namna hiyo linaweza kukaa miezi bila kuonekana.

Mzunguko mkuu ukawa hivi: uliza mizani, andika uzito, halafu uliza kwa gai_error kama jina limepatikana. Jibu likiwa EAI_INPROGRESS, yaani bado, rudi kwenye mizani. Alikataa kuamshwa kwa signali, kwa kuwa signali inakuja wakati wowote, hata katikati ya kuandika faili.

Saa nzima iliyofuata aliitumia kwenye jambo ambalo mimi ningeliruka. Ombi likichelewa sana, unaweza kuomba lifutwe kwa gai_cancel. Lakini jibu lake linaweza kuwa EAI_NOTCANCELED: kazi imeshaanza, haikatiki. Asiye makini anasonga mbele na kuitumia kumbukumbu ile ile kwa ombi jipya, na maombi mawili yanagongana humo. Yeye aliandika kwamba ikiwa hivyo, ombi lisiguswe, liwekewe alama, na jipya lisianzishwe mpaka la zamani lijimalizie lenyewe. Mistari minane, kwa tukio ambalo pengine halitatokea mwezi mzima.

Kukusanya programu kulichukua muda mfupi. glibc ya pale ni ya kabla ya toleo 2.34, hivyo alilazimika kuongeza -lanl. Kikusanyaji chenyewe, gcc, kikalalamikia kigezo kimoja kisichotumika, akakiondoa, akakusanya tena mpaka kikanyamaza.

Kisha akawafuta watoa majina wa kweli kwenye faili la resolv.conf, akaweka mmoja tu: 192.0.2.1, anwani iliyotengwa kwa mifano kwenye maandishi, ambayo hakuna anayeijibu. Akaiwasha programu upya.

“Kaka, samahani, naomba unipimie tena.”

Gunia likapanda. Uzito ukaandikwa. Chini yake kwenye kioo: jina, bado. Likaja la pili, uzito ukaandikwa. Jina, bado. Baada ya sekunde 10 ikatokea kwamba limeshindikana na litatafutwa tena, na kwenye mizani hapakuwa na aliyejua. Mimi nilikuwa nimeridhika. Yeye aliomba kumi. Gunia la kumi liliposhushwa, uzito wa magunia kumi ulikuwa umepangana kwenye faili, haujaruka hata mmoja. Akawarudisha watoa majina wa kweli, akatazama namba zikiondoka kwenda kwenye seva, kisha akarudi kwenye faili la programu na kuanza kuisoma tena ile mistari minane.