Uso Mmoja, Milimita 35 kwa 45

Saa sita mchana pale Grande Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Gisenyi ya Rwanda na Goma ya Kongo, ni saa sita ya kweli. Gisenyi iko kwenye nyuzi 29 na robo mashariki, na saa ya Rwanda inafuata nyuzi 30, kwa hiyo mishale ya saa ikikutana juu, jua nalo limekaribia kabisa utosi. Mji uko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba mtu aliyesimama wima hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Wanaovuka kwenda Goma huona joto tu. Mpiga picha huona macho yaliyozama gizani, paji la uso linalowaka weupe, na kivuli cha pua kilichoangukia mdomo.

Kwa sababu hiyo fundi ninayemstahi kuliko wote katika mitaa ya nyuma ya mpaka hapigi picha ya pasipoti juani, hata mteja awe na haraka kiasi gani. Ana kamera ndogo ya dijitali, ile ya kuingia mfuko wa shati, rangi yake ya fedha imechubuka pembeni hadi plastiki nyeusi inaonekana. Ana shuka jeupe lililopigwa pasi, stuli, na baraza ambalo bati lake limetoka mbele vya kutosha. Kamera yake haielekezwi mpakani kamwe. Askari na majengo ya mpaka hawapigwi picha bila ruhusa, naye kazi yake yote ameigeuzia ukuta.

Huanza na lenzi. Anaipulizia pumzi, anaifuta kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda nje, kisha anaiinamisha kwenye mwanga kuona kama kuna utando uliobaki. Lenzi ya kamera hizi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kwa hiyo alama moja ya kidole chenye mafuta hufunika sehemu kubwa yake. Mwanga ukipita hapo hutawanyika, weusi unageuka kijivu, na kingo za uso zinalegea. Watu wengi wamezitupa kamera nzima kwa ugonjwa huu unaotibiwa na kitambaa.

Halafu anaweka stuli, na hapa ndipo anapotumia muda mrefu. Mteja anakaa ndani ya kivuli, karibu na ukingo wake, uso ukitazama barabarani. Mwanga unaomfikia hautoki kwenye jua, unatoka kwenye anga lote lililo mbele yake. Ni mpana, unazunguka mashavu na kuingia chini ya nyusi. Fundi huchuchumaa kidogo na kumtazama mteja machoni. Anatafuta nukta ndogo angavu katika kila jicho. Isipoonekana, stuli inasogezwa mbele kiasi cha shubiri moja, kisha nyingine. Nukta zikitokea, kazi imefika nusu. Siku moja nilimwona akihamisha kila kitu upande wa pili wa baraza kwa sababu gari la kijani lilikuwa limeegeshwa mbele yake na rangi yake ilikuwa inapanda kwenye shavu la mteja. Mimi sikuwa nimeiona. Alipoonyesha kwa kidole ndipo nikaiona.

Shuka jeupe ndilo lenye mtego mkubwa. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimefundishwa kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu cha katikati. Kikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na matokeo yake shuka linakuwa la majivu na uso wa mtu mweusi unapotea. Ajali hii ina historia ndefu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikaachwa itoke itakavyotoka. Kipimo cha kamera ya leo hakibagui kwa makusudi, lakini anayekiachia kiamue peke yake mbele ya shuka jeupe atapata aibu ileile.

Mteja wa siku ninayoikumbuka zaidi alikuwa mama wa makamo kutoka Goma, amefunga kitambaa cha kichwa alichotakiwa kukivua kwa ajili ya picha.

"Ile foto ya kwanza walinitoa giza tupu, mwanangu," alisema. "Hata mimi sikujijua."

"Leo utajijua, mama."

Fundi akabonyeza kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, akapanda hatua tatu ndogo. Kila hatua ni theluthi. Tatu zinaongeza mwanga maradufu. Akapiga moja ya kujaribu, akaitazama kwa kukiziba kioo na kiganja. Shuka lilikuwa jeupe, mashavu yalionekana kahawia yalivyo, lakini juu ya paji la uso palikuwa na kidoa kisicho na kitu ndani yake. Weupe uliopitiliza haurudi, hata kwenye kompyuta. Mahali pa giza kidogo angalau huweza kuinuliwa. Akashuka hatua moja, akampa mama kitambaa cha kufuta jasho. Kidoa kikaondoka. Nilipenda sana kwamba hakuchagua kati ya kamera na kitambaa, alivitumia vyote viwili.

Ng'ambo ya mpaka tatizo linageuka kichwa chini. Goma imejengwa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo na kwa lava hiyohiyo. Kuta nyingi na nyua zake ni za mawe meusi, na ardhi iliyofunikwa na lava mwaka 2002 bado inaonekana mitaani. Mtu akisimama mbele ya ukuta wa namna hiyo, kamera huona weusi, inadhani ni usiku, inafungulia mwanga, na uso unapauka na kung'aa. Hapo fundi hushuka hatua mbili chini ya sifuri. Jambo jingine ni kwamba ardhi nyeusi hairudishi mwanga juu. Mchanga wa ufukweni Gisenyi hujaza vivuli vya chini ya kidevu bila kuombwa, ilhali mawe ya Goma huvinyima kila kitu, kwa hiyo upande ule humpa mteja karatasi nyeupe aishike magotini, nje ya picha. Mwendo wa dakika chache, kipimo kimoja, kamera moja, na marekebisho mawili yanayopingana. Sijui mahali pazuri zaidi pa kujifunzia mwanga.

Ukali wa picha nao una mambo yake. Anayeanza husogea karibu mno, lenzi ikiwa imefunguka kwa upana wake wote, na pua ya mteja inakua huku masikio yakirudi nyuma. Fundi wetu hurudi nyuma hatua mbili tatu, kisha huvuta picha karibu kwa lenzi yenyewe hadi katikati ya uwezo wake. Uvutaji wa dijitali ameuzima siku nyingi, maana ule hukata tu picha na kuikuza. Lakini lenzi ya kamera ndogo ikivutwa hupitisha mwanga kidogo, na kamera hulipa kwa kubaki wazi muda mrefu zaidi au kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga. Yeye ameifunga ISO kwenye 100. Kihisi cha mwanga cha kamera nyingi za aina hii kina upana wa milimita 6 tu, na eneo lake ni dogo karibu mara 30 kuliko la filamu ya kawaida ya milimita 35, na kikisukumwa hadi 800 au 1600 ngozi hujaa chembechembe kisha programu ya kamera huzipaka hadi uso unakosa vinyweleo. Kwenye kivuli angavu cha mchana, ISO 100 inatosha kupiga kwa sehemu ya 125 ya sekunde. Kilichobaki ni mikono.

Na mikono yake inafaa kutazamwa. Viwiko vimebanwa mbavuni, bega moja limeegemea nguzo ya baraza, kamba ya kamera imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Anabonyeza kitufe nusu, anasubiri mlio na kimraba cha kijani juu ya jicho. Hapo kamera imeshakamata, na ule uchelewaji wa kamera ndogo, unaowafanya watu wapige picha ya mtu aliyekwisha kugeuka, umemalizika kabla ya picha yenyewe.

"Mama, funga macho. Pumua. Sasa fungua."

Macho yanafunguka, na kabla hayajapepesa tena kidole kinashuka nusu iliyobaki, taratibu, bila kuitikisa kamera. Flashi imezimwa. Katika kamera hizi flashi hukaa jirani na lenzi. Hufanya mboni ziwe nyekundu na kuchora kivuli cha kichwa kwenye shuka, na ofisi yoyote ya pasipoti itaikataa picha hiyo. Kwa sababu ya kivuli hichohicho mteja huwekwa mbali na shuka, karibu mita moja.

Kuna watu humcheka kwa kamera yake ya zamani yenye megapikseli 16, wakati simu za siku hizi hutaja namba kubwa zaidi. Picha ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531. Hizo hazifiki hata robo milioni. Kamera yake ina zaidi ya mara 70 ya hizo.

Kazi hii ya picha za utambulisho imewahi kufanywa kwa ubunifu mkubwa katika nchi zetu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Obal Denis wa Gulu Real Art Studio alimpiga mteja picha moja ya kawaida akiwa amekaa, kisha akautoboa uso kwa kifaa cha kukatia, kwa sababu njia ya kutoa picha nne kwa pamoja ilimgharimu mteja zaidi. Mabaki, miili yenye tundu la mstatili mahali pa uso, yalikusanywa na mpiga picha Martina Bacigalupo na kuwa kitabu mwaka 2013. Ndani yake linaonekana koti la studio likipita kutoka mwili hadi mwili. Fundi wa Gisenyi naye ana koti lake, jeusi, kwa wanaokuja na shati jeupe litakalopotelea kwenye shuka. Na Seydou Keïta wa Bamako, bwana mkubwa wa picha za watu, alifanya kazi uani kwa mwanga wa mchana na kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Memori kadi haina gharama hiyo, lakini nidhamu ya kutazama kabla ya kubonyeza haijapitwa.

Hapa mpakani picha ya uso ina uzito mwingine. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walimiminika kutoka Gisenyi kwenda Goma katika siku chache, na picha zilizouzunguka ulimwengu zilikuwa za umati. Baadaye Seamus Conlan na Tara Farrell waliwapiga picha maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi wao, uso mmoja mmoja, na picha zikabandikwa ili wazazi wazitazame. Picha ya namna ile haihitaji mapambo. Inahitaji jicho kali na ngozi yenye rangi yake, mama apite mbele ya mamia ya nyuso na asimpite wake. Nikimwona fundi akipanda hatua tatu na kushuka moja kwa ajili ya paji la uso, hilo ndilo ninalolifikiria.

Yule mama alipoiona picha yake alitaka nyingine, ya kumtumia binti yake Bukavu, na ziwa nyuma yake. Fundi alimwambia arudi saa kumi na moja. Jioni jua huteremkia upande wa Goma, maji yanang'aa, na mtu aliyeyapa mgongo hugeuka kivuli cheusi. Mama alipofika, fundi akarudisha marekebisho kwenye sifuri, na safari hii akaiwasha flashi kwa lazima. Kumbe hapa kamera ndogo inaishinda kubwa: nyingi zina kifunga-mwanga ndani ya lenzi, na flashi yake huenda sambamba hata kwa sehemu ya 1000 ya sekunde, wakati kamera kubwa nyingi hukwama karibu na 200. Lakini nguvu ya flashi hiyo ni ndogo, hivyo alimsimamisha mita mbili tu kutoka kwake, akabandika kipande cha karatasi nyembamba juu ya taa kuulainisha mwanga.

Mama alikuwa amekifunga tena kitambaa chake, na sasa aliruhusiwa kucheka. Fundi alipiga tatu, akaikuza kila moja kwenye kioo hadi jicho likajaa, akafuta mbili. Iliyobaki itachapwa sentimita 10 kwa 15, ukubwa ambao hauna pa kuficha mtikisiko wa mkono.